Kasiksi na meza ya Bwana: Mkristo wa Bushi mbele ya pombe ya mababu

Wenzetu wengine wa shirika letu wanaandika juu ya ngoma, juu ya majina na juu ya mashamba. Sisi tumechagua kitu ambacho kila mtu wa Bushi anakifahamu tangu utoto, lakini ambacho leo kinagawanya jamaa nyingi: kasiksi, pombe ya ndizi. Je, Mkristo anaweza kuinywa na kubaki Mkristo? Swali hili wanafunzi wanatuletea darasani kila mwaka, na mara nyingi wanalitoa nyumbani, pale baba ni Mkatoliki na mama ameingia katika kanisa la wokovu.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Siku moja tulialikwa kwenye mahari ya binti wa ukoo wetu, upande wa Walungu. Jamaa ya kijana walikuwa watu wa kanisa moja la wokovu. Walileta yote waliyoombwa: ng'ombe, mbuzi, kitambaa cha mama, koti la baba. Lakini pa nafasi ya pombe waliweka makasha ya Fanta. Mzee wetu, mshamuka aliyepaswa kupokea, aliangalia yale makasha, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: «Batoto bangu, heshima tumeiona. Lakini kinywa yetu iko ingali imefungwa. Nani anafunguaka kinywa ya ukoo na Fanta?» Pasta wao akajibu kwa upole: «Muzee, sisi batu ya Yesu hatukunywaka pombe, na kitu chenye sisi hatukunywaka, hatuwezi kukipatia mwengine.» Hapo katekista wetu akaruka: «Yesu gani huyo? Wa kwetu alifanya divai pa Kana!»

Palabre ikaendelea mpaka jua likaingia. Binti alikuwa ndani ya nyumba, anasikia yote. Wageni wakarudi kwao na ng'ombe wao, neno halikukatwa. Njiani tulijiuliza: hawa watu wawili wanasoma Biblia moja, kama hawapatani, tofauti yao ilitoka wapi? Jibu la swali hilo linatafutwa katika historia, na ndilo tunataka kueleza hapa.

1. Kasiksi ilikuwa nini kwa wazee wetu

Ndizi za pombe si zile za kupika. Zinakatwa zingali kijani, zinafukiwa katika shimo lililotandikwa majani na kupashwa moto, siku nne au tano hivi, mpaka ziive. Kisha zinamenywa na kukamuliwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Maji yanayotoka ndiyo mutobe, utamu mtupu, kinywaji cha watoto na cha wamama wanaonyonyesha. Ukiyaongezea unga wa mtama uliokaangwa na kuyafunika vizuri, kesho au kesho kutwa yamekuwa kasiksi. Kumbe kati ya kinywaji cha mtoto na kinywaji cha mzee kuna usiku moja au mbili tu.

Lakini kasiksi haikuwa kinywaji tu. Ilikuwa kama karatasi na muhuri wa wakati ule. Mtu aliyepewa shamba na chifu kwa njia ya kalinzi alitoa mali yake, na pombe ilisindikiza neno hilo mbele ya mashahidi. Ndoa haikusemwa pakavu. Waliogombana walipatanishwa kwenye kibuyu kimoja. Ndiyo maana mshamuka wetu alisema kinywa chake kimefungwa: bila kile kinywaji, hakuna shahidi, na bila shahidi, hakuna neno.

Wazee waliotulea walitufundisha pia kwamba pombe ilikuwa na sheria. Wa kwanza kuonja ni mwenye kuitoa, ili wageni wajue haina sumu. Vijana wanapakua, hawatangulii wazee. Kunywa peke yako ni aibu. Mtu anayejificha na kibuyu chake alifananishwa na mchawi. Na mwenye kulewa katika baraza alinyimwa neno siku ile.

Tusidanganyane hata hivyo: sheria hizo hazikufanya paradiso. Pombe iliyojaa kwa wakubwa ilitoka katika ndizi za wadogo, waliopaswa kuipeleka kama ushuru. Na wamama waliopigwa usiku na mume aliyelewa, hao hakuna hadithi inayowahesabu. Tena kasiksi ilimwagwa chini kwa ajili ya wazimu wa ukoo, na ilikuwa na nafasi yake katika ibada ya Lyangombe. Hapo ndipo wamisionere walipoikuta.

2. Kila mmisionere alikuja na pombe ya kwao

Mapadri wa Shirika la Wamisionere wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walianzisha misioni ya Nyangezi mwaka 1906. Walipigana sana na Lyangombe. Mkatekumeni alipaswa kuacha hirizi, kuacha kuingizwa katika ibada ile, kuacha wake wengi. Lakini pombe yenyewe hawakuikataa; walikataa ulevi, na walikataa kuimwagia wafu. Siku ya Noeli, nyuma ya misa, watu walikunywa kasiksi na padri hakuona dhambi.

Juu ya nini? Kwa sababu walitoka katika nchi ambazo divai na bia ni chakula cha mezani, na misa yao haiwezekani bila divai. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inampimia mmonaki kiasi chake cha divai kwa siku. Kule Ubelgiji, Watrapisti wa monasteri ya Scourmont wanatengeneza bia ya Chimay tangu mwaka 1862. Na monasteri hiyohiyo ya Scourmont ndiyo iliyomzaa Mokoto, kule Masisi, mwaka 1954. Mmonaki aliyetoka nyumba ya namna ile angewezaje kumwambia mkulima wa Kivu kwamba kibuyu chake ni cha shetani?

Waprotestanti waliofika kwetu walikuwa na historia ingine. Katika miaka ya 1920, Wapentekoste wa Norwe walikaa Kaziba, na wale wa Uswidi walianzia Uvira. Katika nchi zao, pombe iliyojulikana sana vijijini haikuwa divai ya mezani; ilikuwa pombe kali ya kuchemsha, iliyotolewa katika nafaka na viazi, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa imeharibu jamaa nyingi za wakulima na wafanyakazi. Makanisa ya uamsho na vyama vya kukataa pombe vilikua pamoja kule, sawa watoto mapacha. Kwa mtu wa kule, kuokoka na kuacha chupa ilikuwa hatua moja. Norwe ilikataza pombe kali tangu 1916 mpaka 1927. Uswidi ilipiga kura mwezi wa nane 1922 ili kujua kama pombe yote ikatazwe: wenye kukataa katazo walishinda kwa kidogo sana, karibu 51 kwa 49 katika mia moja. Angalieni tarehe hizo, ndugu wasomaji. Ndiyo miaka ileile ambayo wamisionere hao walipanda milima yetu.

Basi walipoona mtungi wa kasiksi, waliona ndani yake ile pombe ya kwao iliyoua wajomba zao. Aliyeumwa na nyoka, hata kamba inamshtua. Hatuwalaumu. Na tusifikiri kwamba ni jambo la Waprotestanti tu: kule Irlandi, mwaka 1838, padri Mkatoliki Theobald Mathew alianza kuwaapisha watu waache pombe kabisa, na wengi sana walimfuata. Ubelgiji yenyewe, kwa sheria ya Vandervelde ya mwaka 1919, ilikataza kuuza pombe kali ndani ya mikahawa na mabaa, na sheria hiyo ilidumu mpaka 1983.

Tunachotaka kuonyesha ni hiki: pasta na katekista waliogombana pale Walungu hawakugombana juu ya Biblia peke yake. Bila kujua, mmoja alibeba viazi vya Norwe, mwengine mizabibu ya Ulaya ya kusini. Na ndizi za Bushi zilikuwa katikati, bila mwenye kuzisemea.

3. Serikali nayo iliweka mkono wake

Mkataba wa Bruxelles wa mwaka 1890, uliofanywa kwa kupiga vita biashara ya watumwa, ulizuia pia kuingiza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliendeleza jambo hilo. Neno lilikuwa zuri: pombe kali ya biashara iliharibu watu wa pwani na ingetuharibu sisi pia. Lakini katika Kongo ya Wabelgiji katazo liligeuka kuwa ukuta wa rangi. Kwa miaka mingi Mzungu alikunywa divai na whisky yake mezani, na Mkongomani mweusi hakuruhusiwa kuinunua. Aliyechemsha pombe yake kwa siri alikamatwa.

Matokeo yake tunayaona mpaka leo. Kitu kilichonyimwa kwa sababu ya ngozi kiligeuka alama ya heshima. Bia ya chupa, kama Primus iliyouzwa mara ya kwanza Léopoldville mwaka 1926, ilipanda cheo: mwenye kuagiza chupa alijiona mtu wa mji, na mwenye kibuyu alionekana mshamba. Nyuma ya uhuru wa 1960, wababa wengi walikunywa kana kwamba wanadai deni. Hivyo kasiksi ilipigwa mara mbili: makanisa mengine yaliiita dhambi, na mji uliiita ushamba.

4. Biblia na Kanisa la mwanzo

Turudi kwa Maandiko, kwani wasomaji wetu wengi watatuuliza hapo. Mwenye kutafuta aya ya kuhalalisha pombe ataipata, na mwenye kutafuta aya ya kuikataza ataipata pia. Zaburi ya 104 inahesabu divai kati ya zawadi za Mungu, pamoja na mafuta na mkate. Yoane sura ya 2 inasimulia Kana. Paulo anamshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Lakini Noa alilewa akavuliwa heshima mbele ya watoto wake. Kitabu cha Mithali kinaonya. Barua kwa Waefeso inakataza kulewa. Na Wanadhiri waliweka ahadi ya kutogusa hata zabibu. Yoane Mbatizaji hakukunywa, Yesu alikunywa, na Luka sura ya 7 inaonyesha kwamba watu wa wakati ule waliwasema wote wawili vibaya.

Tunapenda sana mahali pawili ambapo watu hawasimami muda mrefu. Pa kwanza ni Warumi 14: mwenye nguvu aache kitu hata kama ni halali, kama kinamwangusha ndugu yake. Pa pili ni barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 11. Wakristo wa Korinto walikusanyika kwa meza ya Bwana, lakini kila mmoja alitangulia na chakula chake: huyu ana njaa, yule amelewa. Paulo anawakaripia kwa ukali. Anakaripia nini? Hasemi divai iondolewe mezani. Anakaripia kwamba mwenye nacho amekunywa bila kumngoja maskini. Kwa maneno mengine, walikunywa peke yao wakiwa wengi. Mshamuka wa Bushi angelifahamu neno hilo bila mkalimani.

Hata palabre yetu si mpya, na ilianza mapema hapahapa Afrika. Katika karne ya 3, Sipriano, askofu wa Kartago, aliandika barua ndefu dhidi ya Wakristo waliotia maji matupu katika kikombe cha Ekaristi pa nafasi ya divai. Yeye aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Kwa hiyo miaka zaidi ya 1700 iliyopita, Waafrika Wakristo walikuwa tayari wanaulizana: katika kikombe tutie nini?

5. Asali ya Nkamba na sheria ya mzabibu

Swali hilo lilirudi Kongo kwa namna ya ajabu. Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 mwezi wa nne 1921. Alihukumiwa mwaka uleule, akafia gerezani Elisabethville tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Kanisa lililotoka kwake linakataza pombe, tumbako na ngoma za anasa. Kwa miaka mingi halikuwa na komunyo. Lilipoianza, tarehe 6 mwezi wa nne 1971 kule Nkamba, halikuagiza divai Ulaya. Mkate wao ulitengenezwa kwa viazi, mahindi na ndizi, na kinywaji chao kilikuwa asali iliyochanganywa na maji.

Upande wa Wakatoliki, Roma ilikubali mwaka 1988 misa ya kufuata desturi za majimbo ya Zaïre: mababu wenye mwenendo mwema wanaitwa, ngoma inachezwa, watu wanapiga makofi. Lakini kikombe hakikuguswa. Kanuni ya 924 ya sheria ya Kanisa ya 1983 inadai divai ya asili, tunda la mzabibu, isiyoharibika. Na makanisa mengi ya Kiprotestanti yanatumia maji ya zabibu yasiyochacha, njia iliyoanzishwa na Thomas Welch, Mmetodisti wa Marekani, mwaka 1869.

Basi tunaona kitu cha kuchekesha kidogo na cha kuhuzunisha. Katika Bushi, Kanisa linaloruhusu kasiksi na kanisa linaloikataza wamepatana katika jambo moja: ndizi yetu haikufika altarini. Wakimbangu peke yao walithubutu kuweka pale kitu cha shamba lao, nao ndio wasiokunywa hata tone! Hatusemi Roma igeuze sheria yake. Hatuna mamlaka hiyo, na tunafahamu kwamba divai inatuunganisha na ile jioni ya Yerusalemu. Tunasema tu kwamba Mkristo anayeita kasiksi ya shetani, na divai ya Ulaya takatifu, ajiulize kama anaongozwa na Injili au na mahali chupa ilipotoka.

6. Kanyanga haina mshamuka

Mpaka hapa msomaji anaweza kufikiri kwamba tunawatetea wanywaji. Sivyo. Pombe inayotuua leo si ile ya mahari. Ni kanyanga, ile wengine wanaiita lutuku, na ni zile pombe kali za chupa ndogo, za bei ndogo, zinazouzwa kando ya barabara hata asubuhi. Mtu anasimama, analipa, anameza, anaenda. Hakuna aliyeonja mbele yake, hakuna aliyeketi naye, hakuna neno lililosemwa. Tumewaona vijana wa darasa la mwisho wanakuja shuleni na harufu hiyo. Tumemzika mwenzetu mmoja, mwalimu mwenye akili sana wa hesabu, aliyeanza kunywa katika miaka ile mshahara wa serikali ulipokuwa jina tu. Hakupenda pombe, alipenda kusahau. Sisi wenzake tulimcheka kwanza, tukamkwepa baadaye, tukamlilia mwishoni. Hiyo ni dhambi yetu, na tulikuwa hatujalewa.

Hapa inatupasa kuwapa haki ndugu zetu wa makanisa ya wokovu. Wamama wengi wa mitaa yetu watakuambia bila aibu kwamba siku bwana alipookoka, ndiyo siku watoto walianza kula mara mbili. Huyo mtu hawezi «kidogo». Kwake yeye kuacha kabisa ni dawa, na kanisa linalomsimamia kila juma linafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na baraza la wazee. Tuseme wazi: nidhamu ya wokovu imeshika nafasi ya sheria ya mababu pale ambapo sheria hiyo ilikufa. Mkatoliki anayejivunia uhuru wake lakini hamfuati ndugu yake anayepotea, uhuru wake ni wa bure.

Tena hata ndizi zenyewe zimepungua. Mnyauko wa bakteria ulioonekana Masisi mwaka 2001 umeenea katika Kivu na kumaliza mashamba mengi. Pale ndizi zinakufa, kanyanga inapata nafasi. Adui wa nidhamu ya kunywa si mhubiri peke yake. Hata ugonjwa wa shamba umo.

7. Neno la mwisho

Turudi Walungu. Juma mbili nyuma ya palabre ile, mama ya binti, Mkatoliki wa kila asubuhi, alifanya jambo ambalo sisi wanaume tuliosoma hatukulifikiri. Alikamua ndizi zake mwenyewe. Nusu aliitia mtama mapema na kuifunika. Nusu ingine aliikamua asubuhi ya siku yenyewe na kuiacha mutobe. Wageni walipofika, alileta kibuyu cha mutobe kwanza. Mshamuka alisema: «Hii ni ya batoto.» Mama akamjibu: «Ndiyo, baba. Na ndoa hii ni ya batoto.» Mzee alicheka. Akaonja, akampa pasta, pasta akaonja, na mzee akasema kinywa kimefunguka. Kasiksi ilikunywewa baadaye, upande wa pili wa lupango, na wasiokunywa walibaki wakiimba.

Si kila mtu alifurahi. Mjomba mmoja anasema mpaka leo kwamba ndoa ile haina pombe. Na tulisikia kwamba pasta aliitwa na wazee wa kanisa lake aeleze juu ya nini aliketi palipo na mtungi. Lakini binti aliolewa, na watoto wake wanaenda shule.

Basi tukiulizwa kama pombe inapatana na imani ya Kikristo, jibu letu ni hili. Kabla ya kuhukumu, kila mmoja ajue kanisa lake lilipata wapi sheria yake. Atakuta Maandiko, lakini atakuta pia viazi na mizabibu ya watu wengine. Kisha tuulize maswali ambayo wazee wetu na mtume Paulo waliuliza pamoja: unakunywa na nani? Kwa neno gani? Nani ana njaa wakati unapokunywa? Nani ataanguka akikuona? Mwenye kuweza kujibu maswali hayo mbele ya mkewe na watoto wake, kibuyu chake hakitamtenga na Kristo. Asiyeweza, aache, na sisi wengine tusimnyime kiti katika baraza kwa sababu mkononi ana mutobe.